Soma Kwanza, Ndipo Ununue

Ndugu zangu wa Fataki, maprefe na madirekta wa shule, maekonomi wa parokia, wauguzi mnaokesha mkiandika ripoti za zone ya afya, vijana mnaochapa barua na kutoa fotokopi kando ya barabara iendayo Mahagi: neno langu leo ni la kompyuta ya mezani iliyozeeka na bareti ya RAM, yaani kipande cha kumbukumbu, tunayotaka kuiongezea. Mtu asiseme hilo ni jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la fedha ya wazazi, ya waamini na ya wagonjwa, na sisi ndio tuliokabidhiwa tuitunze.

Fungueni Injili ya Luka, sura ya 14, kuanzia mstari wa 28. Bwana Yesu anazungumza na umati juu ya mtu anayetamani kujenga mnara. Mwenye busara hukaa chini, akapiga hesabu, akaona kama mali yake itamfikisha mwisho wa kazi. Asiye na busara huweka msingi, halafu hukwama, na wapita njia humcheka. Angalieni vizuri kosa la mtu huyo liko wapi. Hakulaumiwa kwa kuwa maskini. Amelaumiwa kwa sababu aliinuka kabla ya kuketi.

Nasi tunainuka kabla ya kuketi! Kompyuta ya shule imekuwa nzito. Ukifungua buletini za wanafunzi, inafikiri mpaka chai inapoa. Mtu mmoja anasema, "Ongezeni RAM." Kamati inakubali, fedha inakusanywa, na fedha hiyo imetoka kwenye maharage na viazi vya wazazi. Yupo mwalimu anayeshuka Bunia wiki hiyo, basi anapewa kikaratasi: "RAM giga 4." Mwisho wa maandishi. Anafika dukani, muuzaji anamuuliza, "Mwalimu, DDR ya ngapi?" Mwalimu hajui. Anapiga simu, mtandao wa Fataki umekatika. Gari linaondoka, hana muda, ananunua iliyo mbele ya macho yake. Inafika Fataki, inajaribiwa, haiingii. Tangu siku hiyo imelala ndani ya droo, na mashine iko palepale ilipokuwa.

Mtasema, si atairudisha? Airudishe kwa njia gani? Barabara ya Taifa namba 27 inayotufikisha Bunia, tangu vita viliporudi kwetu Djugu mwisho wa 2017, si barabara ya kupitisha mtu mara ya pili kwa sababu ya kikaratasi kilichoandikwa vibaya. Watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, na kila waliporudi walianza upya na vitu vichache. Penye uchache namna hii, kosa dogo la ununuzi ni kosa kubwa. Tajiri wa Kampala akikosea bareti, anavuka mtaa na kubadilisha. Wewe wa Fataki ukikosea, umepoteza nauli, umepoteza wiki, na umehatarisha mtu. Kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuwa waangalifu kuliko wote.

Wapendwa, kabla hamjanunua chochote, jiulizeni kama ugonjwa wa mashine ni RAM kweli. RAM ni mahali ambapo kompyuta inaweka kazi iliyo mikononi mwake kwa sasa. Ikijaa, mashine huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka iko nyuma ya RAM mbali sana kwa kasi. Ndiyo maana taa ya diski inawaka bila kupumzika na panya hasogei. Kwenye Windows 10 bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, angalia mstari wa kumbukumbu. Fungua kazi zako za kila siku, kisha soma. Kama kumbukumbu imejaa asilimia 90 na zaidi, RAM inahitajika. Kama iko nusu na mashine bado inakokota miguu, usinunue RAM! Tafuta kwingine: diski inayokufa, virusi, vumbi jekundu lililoziba feni hadi prosesa inajipunguzia kasi kwa joto. Kusafisha vumbi ni bure. Mtu asitoe dola kutibu kinachotibiwa na brashi.

Ikiwa umehakikisha kwamba ni RAM, sasa keti. Chukua karatasi na kalamu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani utoke. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, hasa kiangazi, maana umeme mdogo unaokaa mwilini bila wewe kuuhisi unaweza kuua chipu. Fungua kasha. Toa bareti moja kwa kusukuma vishikizo vyake pembeni, uishike kwa kingo, na usome lebo yake. Nasema usome! Karibu kila unachohitaji kimeandikwa hapo, na wengi wetu hatujawahi kukitazama.

Jambo la kwanza la kuandika ni kizazi. Shirika la JEDEC, linaloweka kanuni za kumbukumbu za kompyuta duniani, lilitoa DDR mwaka 2000, DDR2 mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 mwaka 2012 na DDR5 mwaka 2020. Kila kizazi kina umeme wake: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Kila kizazi kina mkato wake kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu, na mkato huo umewekwa makusudi ili bareti isiyo ya hapo isiingie. DDR2 na DDR3 zote zina meno 240 na urefu uleule. Ukiziona mezani utadhani ni kitu kimoja. Lakini mkato wake hauko mahali pamoja. Bareti ikikataa kuingia, imekuambia ukweli: usiikandamize! Wako vijana wenye nguvu waliovunja kadi-mama, ule ubao mkuu ambamo bareti huchomekwa, kwa kulazimisha, na kadi-mama ikivunjika hakuna RAM itakayoiponya.

Jambo la pili ni umbo. Bareti ya kompyuta ya mezani ina urefu wa sentimita 13 na kidogo. Ya laptop ni kama nusu ya hiyo. Lakini msiamini kasha pekee: baadhi ya kompyuta ndogo sana za mezani, zile zinazobanwa nyuma ya skrini, hutumia bareti fupi za laptop. Pima. Andika fupi au ndefu.

Jambo la tatu ni kasi. Lebo itasema PC2-6400, PC3-10600, PC3-12800 au namba nyingine ya namna hiyo. Tarakimu iliyoshikana na PC ni kizazi. Namba kubwa ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde moja, na ukiigawa kwa 8 unapata kasi ile nyingine ambayo wauzaji hupenda kuitaja: 12800 ni DDR3 ya 1600, na 6400 ni DDR2 ya 800. Bareti mbili za kasi tofauti zikikaa pamoja, kwa kawaida zote huenda kwa kasi ya ile ya polepole. Hivyo usilipe zaidi kwa ajili ya kasi ambayo kadi-mama yako haiwezi kuitumia. Lipa kwa ajili ya ulinganifu.

Jambo la nne ni herufi, na hapa ndipo wengi wanaliwa fedha. Baada ya namba ya kasi hufuata herufi. U ni bareti ya kawaida ya mezani. R ni bareti ya seva. Katika Bunia na Kampala, bareti za seva zilizotumika mara nyingi huwa za bei ya chini kuliko za kawaida, kwa sababu seva zikivunjwa hutoa bareti nyingi na wanunuzi wake ni wachache. Mtu anaona giga 8 kwa bei ya giga 4, anafurahi, anashukuru Mungu hadharani. Akifika nyumbani, mashine haiwaki. Bareti ya R kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani haifanyi kazi, hata kama mkato wake umelingana na imeingia bila kusukumwa. Ukiona namba inaishia na R, iache mezani kwa muuzaji. Ukiona bareti imebandikwa chipu tisa kubwa upande mmoja badala ya nane, uliza zaidi kabla ya kutoa pochi.

Jambo la tano ni nafasi na kikomo. Hesabu nafasi kwenye kadi-mama: mbili au nne? Ngapi ziko wazi? Kisha andika jina la mashine na namba yake kama ilivyoandikwa kwenye kasha, maana kila kadi-mama ina kiasi inachokubali na haipokei zaidi. Chukueni mfano wa Dell OptiPlex 760 ya mwaka 2008 na OptiPlex 780 ya mwaka uliofuata. Makasha yake yanafanana kiasi kwamba ukiyafunika namba huwezi kuyatofautisha. Ya kwanza hutumia DDR2, na mwisho wake ni giga 8. Ya pili hutumia DDR3, na mwisho wake ni giga 16. Shule mbili jirani zinaweza kuwa na mashine hizo, na mwalimu wa shule moja akanakili kikaratasi cha mwenzake. Wazee walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Soma ya kwako.

Jambo la sita limefichika, na kwa sababu limefichika nalitaja kwa sauti. Mashine za umri wa OptiPlex 780, zenye chipseti kama Q45 na G41, husoma DDR3 lakini hazisomi chipu zenye ujazo mkubwa za siku za baadaye. Bareti ya giga 4 yenye chipu 16, nane kila upande, inakubalika. Bareti ya giga 4 yenye chipu nane tu, ambayo kwa macho ni mpya na safi zaidi, inakataliwa: mashine haiwaki, au inasoma pungufu. Kizazi ni sawa, mkato ni sawa, kasi ni sawa, na bado hazipatani! Basi kwa mashine ya zamani tafuta bareti ya zamani yenye chipu pande zote mbili. Na yupo dada yake: bareti za bei nafuu kutoka China zilizoandikwa kwamba ni za AMD. Hizo hufanya kazi kwenye kadi-mama za prosesa za AMD, na kwenye mashine ya Intel hazifanyi. Andika kwenye karatasi yako: Intel au AMD. Ni neno moja tu, nalo linaokoa fedha yote.

Jambo la saba ni programu. Windows ya biti 32 haioni zaidi ya giga 4, na katika hizo hukuachia kama giga 3 na kidogo. Ukiweka giga 8 kwenye mashine yenye Windows ya biti 32, umenunua giga 4 za kutazama. Angalia kwenye habari za mfumo kama ni 32 au 64. Ikiwa ni 32 na prosesa inaweza 64, panga kwanza kubadilisha mfumo, kisha ndipo uongeze.

Hayo ndiyo mambo saba. Yote yanaingia kwenye karatasi moja ndogo: kizazi, umbo, kasi, herufi, nafasi na kikomo, chipu na aina ya prosesa, biti za mfumo. Mwenye simu ya picha apige picha ya lebo ya bareti iliyomo, pande zote mbili, na picha ya jina la mashine, kisha amkabidhi msafiri. Na bora kuliko yote, ikiwezekana, msafiri achukue bareti moja ya zamani mfukoni, imefungwa kwenye karatasi kavu, aiweke juu ya meza ya muuzaji na kusema, "Nataka inayofanana na hii." Hakuna maelezo yanayopita kitu chenyewe.

Bareti ikifika, iweke kwa upole, mkato ukilingana na kijino cha nafasi, bonyeza pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Ukiwa na bareti mbili zinazofanana, ziweke kwenye nafasi za rangi moja, kwani kadi-mama nyingi huzisoma kwa jozi na kupata kasi zaidi. Mashine ikilia vilio au ikakataa kuwaka, usitangaze msiba. Chomoa umeme, toa bareti, futa meno yake taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa mabaki, uirudishe. Jaribu moja moja. Na ikishawaka, ijaribu kwa Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye fleshi. Iache izunguke mzunguko mzima angalau mara moja. Huchukua saa kadhaa, basi ianzishe asubuhi jua linapoanza kulisha betri za sola. Likitokea kosa hata moja, bareti hiyo ni mgonjwa. Usiweke alama za finalisti wala orodha ya dawa juu ya kumbukumbu inayosema uongo, kwa sababu haitakuambia siku itakayobadilisha namba.

Sasa nawageukia ninyi wauzaji, wa Bunia, wa Mahagi, wa Ariwara, na ninyi mnaoleta mzigo kutoka Kampala. Kitabu cha Mithali, mwanzoni mwa sura ya 11, kinaeleza jinsi Mungu anavyochukizwa na mizani ya hila. Kuuza bareti ya seva kwa mama asiyejua, ukijua haitawaka kwake, ni mizani ya hila. Kubandua lebo na kubandika nyingine ni mizani ya hila. Muulize mteja wako maswali saba kabla hujapokea fedha yake. Weka mashine moja dukani ya kujaribia. Mwandikie siku za kurudisha, tena umhesabie siku za njia, maana anatoka mbali. Ukifanya hivyo hutapungukiwa na wateja. Jina lako litapanda barabara nzima mpaka mpakani Goli.

Najua lipo swali mioyoni mwenu. "Mhubiri, Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali mashine zetu. Kwa nini tuhangaike na mifupa mikavu?" Swali ni la haki, na jibu ninalo. Mashine inayochapa mitihani na kuandika barua bila kuunganishwa na intaneti haijafa siku hiyo. Na inayounganishwa inaweza kupewa mfumo wa Linux kama Linux Mint, ambao ni bure na hupokea marekebisho ya usalama, nao unatembea vizuri kwenye mashine ya zamani yenye giga 4, na vizuri zaidi kwenye giga 8. Hapo ndipo bareti inayopatana inapokuwa tofauti kati ya kompyuta ya kazi na chuma cha kutupwa. Lakini nasema pia kwa uaminifu: ikiwa mashine ni ya DDR2, imefika kikomo chake, na bei ya bareti inakaribia bei ya mashine nyingine iliyotumika ya kizazi cha juu, usiongeze. Kuketi na kupiga hesabu maana yake ni kukubali jibu, hata likiwa "hapana".

Vijana wa Fataki, nawasihi ninyi zaidi ya wote. Mnasema mnataka kuwa mafundi. Ufundi unaanza na macho kabla ya bisibisi. Jifunzeni lebo hizi kama mnavyojifunza majina ya ndugu. Kila shule iwe na daftari moja: mashine ipi, namba yake, bareti zake, nafasi zilizo wazi, kikomo chake. Ikitokea safari ya ghafla, karatasi iko tayari. Ikitokea tumekimbia tena, Mungu apishe mbali, daftari ni jepesi kubebwa.

Na anayejua asijifungie ujuzi wake kama siri ya biashara. Kuuliza si ujinga, na kuficha si hekima. Juma hili mchukue mtu mmoja, mwalimu au muuguzi au kijana wa kibanda cha kuchapa, umfungulie kasha mbele yake, umwonyeshe mkato, umwonyeshe herufi, umwache asome mwenyewe kwa sauti. Fedha ya shule ni fedha ya watoto, na fedha ya hospitali ni fedha ya wagonjwa. Kuanzia leo, asitumwe mtu Bunia na karatasi iliyoandikwa "RAM giga 4" peke yake. Amina.